Karatasi za Haring ukutani kwangu

Bronx, Jumapili jioni, mvua

Leo nimeshinda ndani nikibadilisha vioo vya fremu. Kioo cha kawaida kinapitisha mwanga unaokula wino, na zile rangi za mchoraji wa Marekani Keith Haring zenye kung'aa, waridi na njano kali, ndizo hutangulia kufifia. Vioo vya kuzuia miale ya jua ni ghali. Kimoja kimenigharimu kuliko bango lililomo ndani yake. Nimecheka peke yangu, maana Haring alitaka kazi zake ziwe rahisi kupatikana, na mimi hapa nazivisha vioo vya sonara.

Tangu nianze kuzikusanya, jambo hili linanirudia. Huyu bwana alikuwa mgawaji. Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1958, akahamia New York mwaka 1978 kusoma chuo cha sanaa cha School of Visual Arts. Miaka miwili hivi baadaye akagundua kuwa kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, nafasi za matangazo zisizo na mteja hufunikwa kwa karatasi nyeusi. Alipanda juu mtaani akanunua chaki nyeupe, akashuka kuchora. Mtoto anayetambaa huku ametoa miale, mbwa anayebweka, watu wanaocheza: kila mchoro ulimalizika kwa dakika chache, kwa mstari mmoja usiofutwa, kabla polisi hawajafika. Mara nyingine walifika, wakamtoza faini au kumtia pingu. Siku akiwa na nguvu alifikisha michoro 40. Rafiki yake mpiga picha, Tseng Kwong Chi, alimfuata nyuma kituo kwa kituo, la sivyo mingi ya michoro ile tusingeijua kabisa.

Kwa nini aliacha, kwenye mwaka 1985? Alikwisha kuwa maarufu, na watu wakaanza kuibandua michoro yake ili wakaiuze. Anachora asubuhi, jioni karatasi haipo. Kitu kilichowekwa pale kwa ajili ya msafiri yeyote mwenye tokeni ya treni kikaishia chini ya kitanda cha mtu. Kwa hiyo sisi wakusanyaji, au babu zetu katika ukusanyaji, ndio tuliochangia kuuzima ule mchezo. Na bila hao wabanduaji leo kusingekuwa na hata karatasi moja ya kuitazama. Sijui niwalaani au niwashukuru, na sina haraka ya kuamua.

Novemba 2024 nyumba ya mnada ya Sotheby's ilinadi michoro 31 ya namna hiyo kwa mkupuo. Nilikwenda kuiona kabla ya mnada, maana kutazama ni bure. Karatasi zilikuwa zimechanika pembeni, nyingine bado zina gundi ya bango la chini yake. Chaki ipo, alama ya kidole inaonekana. Zote pamoja zilileta zaidi ya dola milioni 9. Kando yangu palikuwa na baba na mwanawe, mtoto akauliza kwa nini mtu haruhusiwi kugusa kitu kilichokuwa kituoni. Baba hakuwa na jibu, na mimi nilijifanya nasoma maelezo.

Chapa zenye namba, yaani picha zilizochapwa kwa idadi maalumu ya nakala, siziwezi kwa mfuko wangu, niseme wazi. Zile za mfululizo wa Pop Shop, wenye jina la duka lake, za 1987 hadi 1989, zilitolewa nakala 200 kila moja, zikiwa na sahihi ya penseli. Zile tano za mfululizo wa Icons za 1990 zilitoka yeye akiwa ameshafariki, ndiyo maana nyuma zina muhuri na sahihi ya msimamizi wa mirathi yake, Julia Gruen. Mtu akikuletea Icons yenye sahihi ya Haring mwenyewe kwa penseli, iache chai yako, uondoke. Tena tangu mwaka 2012 taasisi aliyoiacha haitoi tena uthibitisho wa kazi yake, kwa hiyo kila mnunuzi anabaki na macho yake na makaratasi ya muuzaji.

Mimi nakusanya mabango. Nina la tamasha la jazi la Montreux la 1983, lililochapwa kwa skrini, yaani wino uliosukumwa kupitia kitambaa cha wavu. Ukiliweka chini ya lenzi unaona wino umetanda sawasawa juu ya karatasi, mnene, unaweza karibu kuuhisi. Bango la mashine ya kawaida chini ya lenzi hiyo hiyo ni vidoti vitupu. Nina pia vitu vidogo vya Pop Shop, duka alilofungua 1986 pale 292 Lafayette Street akauza beji na fulana kwa bei ya kijana wa mtaani. Watu wa matawi ya juu ya sanaa walimcheka kwa hilo, wakasema amejishusha. Kwangu mimi duka lile ndilo kazi yake kubwa kuliko turubai zake zote. Lilifungwa 2005, dari yake aliyoichora mwenyewe iko kwenye jumba la makumbusho la historia la New York.

Lakini kama nyumba ingeungua ningebeba moja tu. Ni Free South Africa. Mtu mweusi mkubwa ana kamba shingoni, na kamba imeshikwa na mtu mweupe mdogo. Mwaka 1986 Haring alichapisha mabango 20,000 hivi ya picha hiyo akayagawa bure New York. Langu limekunjwa mara nne na lina alama ya gundi kwenye kona, kwa sababu mwalimu mstaafu aliyeniuzia alipewa mkononi, akalibandika darasani kwake miaka na miaka. Watu wa soko watakwambia mikunjo inashusha thamani. Waache waseme.

Mimi ni mtoto wa Morogoro. Mazimbu, mwendo mfupi kutoka kwetu, ndiko ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, walikojenga shule yao kwenye ardhi waliyopewa na Tanzania, wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana wao aliyenyongwa na serikali ya ubaguzi wa rangi huko Pretoria Aprili 1979. Makaburi ya wapigania uhuru bado yapo kule. Kwa hiyo ile kamba shingoni mimi sikuhitaji maelezo yake.

Mchana nimempigia mama kwa video nimwonyeshe ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hao watu hawana nyuso?"

"Ndivyo alivyowachora."

"Na huyo wa kamba?"

Nikamweleza. Akasema vijana wa Mazimbu walikuwa wakinunua ndizi kwake sokoni, Kiswahili chao kinachechemea, lakini kwenye bei hawabishani. Mmoja alikuwa akimbebea mkungu mpaka kwenye meza. Jina lake amelisahau, ila anakumbuka alikuwa na mwanya. Haya yote sikuwahi kuyasikia, na ameyatoa kwa sababu ya karatasi ya mtu wa Pennsylvania ambaye hakuwahi kumjua. Haring alifariki Februari 1990 kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI, akiwa na umri wa miaka 31. Siku chache kabla yake, mwezi huohuo, Mandela alikuwa ametoka gerezani.

Kisha mama akauliza nimelinunua kwa bei gani. Nikamtajia nusu. Hata nusu hiyo ilimfanya avue miwani.

Amesema kwake ukutani hakuna kitu ila kalenda ya benki, na ya mwaka juzi. Nikienda Desemba nitampelekea lile la watu wanaocheza, la bei ya dukani, lenye rangi za kuchangamsha sebule. Ameniagiza nije na misumari ya zege, kwa sababu hii anayouziwa hapo dukani inapinda kabla haijaingia.