Msiahirishe shuti ya picha sababu ya baridi ya Julai

Kila ikifika Julai meseji zinaanza, "aki si tungoje jua litoke kwanza?" Watu wanasukuma shuti mpaka Septemba huko, ati Nairobi kumekuwa giza, ati picha zitatoka zimepauka. Mimi nawaambia mje tu, huu ndio msimu wangu wa picha za nje kuliko yote na si ati najifariji.

Shida ya huu mji ni jua. Tuko karibu kabisa na ikweta, Februari saa sita mchana jua liko utosini, mtu akisimama nje macho yanageuka mashimo meusi, pua inaangusha kivuli mdomoni na paji la uso linang'aa kupita kiasi. Ule mwanga mzuri wa jioni nao haukai, ukibadilisha lenzi tu umeenda. Sasa Julai wingu linafunika tangu asubuhi, mwanga unakuwa laini kila mahali, unaanza saa tatu unamaliza saa nane na ngozi ya mtu ni ile ile kwa kila picha.

Ila mwanga wa wingu pia unatoka juu, kwa hivyo sipendi kumsimamisha mtu katikati ya uwanja. Nampeleka tao, yaani katikati ya jiji, zile nyumba za zamani za Kenyatta Avenue na Kimathi Street zenye vibaraza vya nguzo, asimame hatua moja ndani ya ukingo wa paa halafu aangalie barabara. Mwanga unamwingia usoni kutoka mbele na macho yanawaka. Ngazi za maktaba ya McMillan pale Banda Street pia ni poa, iko hapo tangu 1931 na zile nguzo bado hazijanichosha (wale simba wawili wamepigwa picha mpaka nawaonea huruma). Tripodi siku hizi siibebi kabisa, inaita kanjo (askari wa kaunti) na maswali ya kibali, natembea na lenzi ya milimita 85 basi.

Kingine ni kwamba kamera ikiona anga jeupe nyuma inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, na sisi weusi tunatoka giza tupu. Ongeza mwanga stopu moja, yaani mara mbili, ama kata anga kwa fremu kabisa. Na rangi (white balance) ya kamera iweke kwa alama ya wingu, usiachie oto, ngozi itakuja na ubluu wa kuumwa.

Sasa baridi yenyewe. Si ile ya Minneapolis ya kuua betri, yetu inaua sura. Asubuhi ni nyuzi 12 hivi na mtu amekuja na gauni halina mikono kwa sababu aliiona Pinterest. Angalia mabega yake, yanapanda polepole kuelekea masikio, shingo inapotea, taya inakaza, na tabasamu linakuwa la kuvumilia. Mikono inatoa vipele na ukizoom vyote viko hapo. Kwa hivyo koti linakaa mwilini mpaka niseme sasa, rafiki aliyekuja naye analivuta, namwambia atoe pumzi yote ashushe mabega, napiga haraka haraka, koti linarudi. Kwa begi kuna mafuta ya mgando ya midomo na viwiko, kuna tishu za pua, na thamosi ya chai ya tangawizi ambayo inanywewa kabla ya lipstiki, tafadhali, si baada.

Nguo nazo, lami ni kijivu, kuta ni kijivu, anga ni kijivu, halafu na wewe unakuja na sweta ya kijivu, kwani tunatafutana? Ingia soko la Gikomba ama Toi utafute koti refu la mtumba, rangi ya haradali ama maruni, bei mtaelewana. Gauni nalo sina ubaya nalo, tunaanza nalo kabla joto la matatu halijakutoka.

Jumamosi niko tao kuanzia saa tatu. Wenye wamebuku mkuje na mtu wa kushika koti, mimi mikono yangu ina kazi.