Kabla ya Mkuyati, Pima Asubuhi

Jua likizama, ukipita Kariakoo, Manzese au Mbagala Rangi Tatu jijini Dar es Salaam hukosi kukuta sufuria la supu ya pweza likifuka moshi, na pembeni chupa za mkuyati, alkasusu na vipakti vya vumbi la Kongo. Wauzaji wote wanauza kitu kimoja: nguvu za kiume. Siku hizi limeongezeka na neno la kitaalamu, testosteroni, na makopo yanayodai kuipandisha yanaletwa mpaka mlangoni na bodaboda. Wanaume wengi wanaonunua vitu hivi hawajawahi kupima homoni hiyo hata mara moja, na mara nyingi shida yao haiko huko.

Testosteroni inatengenezwa kwenye korodani, ila amri inatoka kichwani. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na ukubwa wake ni kama njegere, inaachia kwenye damu homoni iitwayo LH. LH ikifika korodani, kazi inaanza. Ubongo ukiona testosteroni imetosha, unapunguza amri. Ni kama boya la tangi la maji: likijaa, boya linapanda na kufunga njia, yakipungua, boya linashuka na maji yanaingia tena. Ushike mfano huu, utarudi tukifika kwenye sindano.

Kazi zake ni nyingi kuliko zile zinazotajwa kijiweni. Inaleta hamu ya tendo, inajenga misuli, inaimarisha mifupa, inachochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, na bila hiyo mbegu hazikomai. Mwaka 1849, Arnold Berthold kule Göttingen, Ujerumani, alihasi majogoo wadogo: vilemba vyao vyekundu vikasinyaa, wakaacha kuwika na kupigana. Wale aliowapandikizia korodani kwenye utumbo, si mahali pake pa asili, walikua na vilemba na kuwika kama kawaida. Ndipo ilipoonekana kwamba kuna kitu kinachosafiri kwa damu. Chenyewe kilikuja kutambuliwa na kupewa jina mwaka 1935.

Sasa, watu wanachanganya mambo mawili. Hamu ni jambo moja, kusimama kwa uume ni jambo jingine. Hamu inaitegemea sana testosteroni. Kusimama kunategemea kwanza mishipa ya damu na neva. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2 tu, wakati ile ya moyo ina 3 hadi 4. Kisukari, presha, sigara na mafuta ya damu vinaharibu mishipa yote, lakini mwembamba ndio unaoziba mapema. Kwa hiyo mwanaume mwenye hamu kamili ambaye jogoo hapandi mtungi, hasa akiwa na zaidi ya miaka 40, aanze kwa kupima sukari na presha wiki hiyohiyo. Tatizo hili linaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka 2 hadi 5. Anayelifunika kwa dawa za kando ya barabara anazima king'ora na kuuacha moto. Na kuna hatari nyingine: mamlaka ya dawa ya Marekani imekuta mara nyingi kwamba bidhaa za "asili" za nguvu za kiume zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya nitrati akimeza hiyo bila kujua, presha inaweza kuporomoka na kumuua.

Dalili zinazoelekeza kwenye testosteroni yenyewe ni hizi: hamu imekwisha, uume hausimami tena alfajiri wakati wa kuamka, na tatizo la kusimama likaongezeka juu yake. Zikija tatu kwa pamoja, shaka ni ya kweli. Ukiongeza matiti kuvimba, nywele za kwapani kupungua, damu kuwa pungufu bila sababu, au mfupa kuvunjika kwa kuanguka kidogo, usingoje. Uchovu peke yake hauthibitishi chochote. Nusu ya abiria wa mwendokasi wa saa mbili usiku wanao.

Kupima ndiko kunakoharibiwa zaidi. Kiwango kinakuwa juu asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda, hasa kwa vijana. Ukitolewa damu saa tisa alasiri baada ya wali na soda, majibu yanaweza kuonyesha upungufu ambao haupo, kwa sababu hata sukari peke yake inaishusha kwa saa kadhaa. Fanya hivi: usile kitu baada ya saa nne usiku, maji tu. Ufike maabara kati ya saa moja na saa nne asubuhi, ukiwa umelala vizuri. Mlinzi au mtu wa zamu ya usiku apime baada ya kuamka kwenye usingizi wake mkuu, maana homoni hii inafuata usingizi. Ukiwa na malaria au homa yoyote, ahirisha mpaka upone vizuri, mwili mgonjwa huishusha wenyewe. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini nyingi, viache angalau siku 2 kabla, kwani vinavuruga baadhi ya mashine na kuonyesha namba ya juu ya uongo. Jibu likiwa chini, rudia siku nyingine kwa utaratibu uleule. Jibu moja halitoshi kumwanzishia mtu tiba.

Halafu angalia kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba. Mtu anapewa karatasi yenye 4.2, anakwenda mtandaoni anakuta "isishuke chini ya 300", anapata mshtuko. Hiyo 4.2 ni ng/ml, sawa na 420 ng/dl, sawa na karibu 14.6 nmol/l, na ni ya kawaida. Kutoka ng/ml kwenda ng/dl zidisha kwa 100. Kwenda nmol/l zidisha kwa 3.47. Mpaka unaotumiwa na wataalamu wengi ni takriban 300 ng/dl, yaani 3 ng/ml au 10.4 nmol/l, wengine wakiuweka juu au chini kidogo. Jambo jingine: sehemu kubwa ya testosteroni inasafiri ikiwa imeshikwa na protini, na ni kama asilimia 2 tu iliyo huru. Kwa mwenye kitambi au kisukari, protini iitwayo SHBG inapungua, hivyo jumla inaonekana ndogo wakati ile huru bado inatosha. Mwombe daktari apime SHBG pamoja na LH, FSH na prolaktini (hizi mbili nazo ni homoni za pituitari). LH ikiwa juu huku testosteroni iko chini, korodani ndiyo iliyochoka: labda matumbwitumbwi ya ukubwani, jeraha, au tatizo la kuzaliwa nalo. LH ikiwa chini au ya kawaida tu, amri haitoki kichwani ipasavyo. Prolaktini ikiwa juu sana, na kichwa kinauma, na macho hayaoni vizuri pembeni, pituitari inahitaji kupigwa picha.

Kwa Dar es Salaam, mimi naweka usingizi mbele ya chakula. Mtu wa Chanika au Bunju anayefanya kazi Posta anaamka saa kumi alfajiri awahi gari, anarudi saa tatu usiku, anakula, anaangalia simu mpaka saa tano. Amelala kwa muda wa saa 5 tu. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana wenye afya kwa muda wa saa 5 tu kila usiku kwa wiki moja tu, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Umri peke yake huipunguza kwa karibu asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka. Kama huwezi kuhama, rudisha nyuma muda wa kulala: anayeamka saa kumi awe amelala saa tatu, na kama basi linamfikisha saa tatu, ale jioni kazini au njiani ili nyumbani iwe kuoga na kulala. Anayekoroma kwa nguvu na kukata pumzi usingizini, mkewe ndiye shahidi. Saa 8 kitandani hazitamfaa mpaka tatizo hilo litibiwe.

Kitambi kinafuata. Mafuta ya tumboni yana kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa estrojeni, na pia yanapunguza amri kutoka kichwani. Chukua futi ya fundi cherehani, toa pumzi, pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Sentimita 94 na kuendelea ni dalili ya hatari. Mwenye kilo 95 akipunguza 9 au 10, kwa mwendo wa nusu kilo kwa wiki, kiwango hupanda bila kidonge. Pa kuanzia ni soda, bia na zege (chipsi mayai) la usiku: chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko 8 au 9 vya chai. Mazoezi hayahitaji gym. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20. Ibebe, chuchumaa nayo, piga pushapu, seti 3 za mara 8 hadi 12, siku 3 kwa wiki, na siku nyingine tembea kwa kasi dakika 30.

Dawa nazo zinahusika. Tramadoli, dawa kali ya maumivu ambayo vijana wengi wanaitumia ili "kukaza", ikitumika muda mrefu inazima amri ya LH. Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ikitumika muda mrefu pia, na pombe nyingi inaumiza korodani moja kwa moja. Dawa uliyoandikiwa usiikatishe mwenyewe. Rudi kwa aliyeiandika.

Kuhusu vyakula, nitakuwa mfupi. Madini ya zinki na vitamini D vinasaidia kama unavyo pungufu, basi. Dagaa, korosho, mbegu za maboga na pweza ni chakula kizuri, na supu ya pweza unywe kwa utamu wake.

Nije kwenye sindano za gym, maana hapo ndipo vijana wanapoumia. Testosteroni ya kuchomwa ni boza linalomwaga maji ndani ya tangi: boya linapanda na kubaki juu, LH inazima, korodani zinasinyaa, mbegu zinaweza kufika sifuri. Katika majaribio yaliyosimamiwa na Shirika la Afya Duniani miaka ya 1990, miligramu 200 kwa wiki zilitumika kama uzazi wa mpango wa wanaume. Ukiacha, mwili unaweza kuchukua miezi, na wengine zaidi ya mwaka, kurudi.

Mwenye upungufu uliothibitishwa anastahili tiba, na inafanya kazi. Lakini kabla ya kuanza apimwe tezi dume kwa kipimo cha damu kiitwacho PSA kulingana na umri wake, na wingi wa chembe nyekundu. Kisha arudie baada ya miezi 3 hadi 6. Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikizidi asilimia 54 dawa inasimamishwa, kwa sababu damu imekuwa nzito na inaweza kuganda.

Anayetafuta mtoto aseme kabla ya sindano ya kwanza. Tatizo likiwa kwenye amri ya kichwani, zipo dawa za hCG na klomifeni, zinazoiamsha korodani badala ya kuilaza. Apime manii kwanza, akiwa amekaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Sampuli inatakiwa maabara ndani ya dakika 60 ikiwa bado na joto la mwili, na kwa foleni za mji huu ni afadhali itolewe palepale hospitalini.