Usiku wangu wa kwanza kwenye hema, Lewis Mountain

Mimi nimekulia Marangu, kwa hiyo mahema nimeyaona tangu mdogo ila kulala ndani yake hapana. Hema lilikuwa la wageni, na la mjomba wangu aliyekuwa mpagazi, anapandisha mzigo wa kilo 20 Kilimanjaro siku tano sita halafu anarudi midomo imepasuka kwa baridi. Pale nyumbani ukisikia mtu wetu kalala porini ujue yuko kazini. Sasa niko Maryland mwaka wa saba, kila kiangazi wenzangu kazini wanaongelea kempingi, mimi naitikia tu.

Mwaka huu dada mmoja tunafanya naye kazi, Mmarekani mweusi, akaniambia twende hifadhi ya Shenandoah, kule Virginia, tulale usiku mmoja. Nikakubali, halafu wiki nzima usingizi ukakata. Dubu nilimuogopa kidogo, watu ndo niliwaogopa sana. Yaani wanawake wawili weusi, milimani, simu haishiki, na hujui nani kapaki jirani yako. Nikamuuliza dada ikitokea shida tunamkimbilia nani, akasema twende kwanza, hiyo sehemu hajaichagua hivi hivi.

Mama kwenye simu: "Mwanangu, kitanda unacho, unaenda kulala chini kumfuata nani?" Mjomba yeye alifurahi mpaka sauti ikabadilika. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mama. Sikiliza, soksi za kulalia usizivae mchana, ziwe kavu. Na usiku chemsha maji, jaza chupa, kaza mfuniko, iweke miguuni ndani ya begi la kulalia."

Lewis Mountain ndo kambi ndogo kuliko zote mule hifadhini, nafasi kama 30 tu chini ya mialoni. Hema lilitutoa jasho, fito moja inaingia nyingine inachomoka, tukaanza upya mara tatu. Kuni huruhusiwi kuleta za nyumbani kwako kwa sababu ya wadudu wanaoua miti, unanunua zilizokaushwa maalum au unaokota zilizoanguka. Na chochote chenye harufu hakilali hemani, kinafungiwa kwenye gari, kuanzia nyama, dawa ya meno mpaka mafuta yangu ya nywele, nikabaki nimejifunga kilemba changu cha kitenge basi.

Moto ulipokolea dada ndo akanisimulia. Hifadhi ilianzishwa 1935, enzi za ubaguzi, na mwaka 1939 hapa tulipokaa pakafunguliwa kama sehemu ya weusi, na bango barabarani limeandikwa hivyo kabisa. Kwingine kwingi kwenye kulala na kula palikuwa pa wazungu. Utaratibu huo haukuisha kabisa mpaka 1950. Lakini watu walikuja bana, akasema, walitoka Washington na watoto, wamebeba vyakula vyao, wakalala hapa hapa, wakacheka, wakapika. Alisema hivyo huku ameweka kiganja chini kwenye udongo, hakukiondoa muda mrefu, na mimi nikashindwa kuongea. Miaka yote nilidhani mambo haya si yetu, kumbe kuna mama fulani mweusi alilaza wanawe kwenye mlima huu kabla mama yangu hajazaliwa, na alikuwa na sababu za kuogopa kuliko zangu mara mia.

Usiku wa manane gari likapita polepole, taa zikamulika kitambaa cha hema chote kikawa cheupe. Moyo ulinienda mbio, nikamshika dada mkono, naye alikuwa macho. Likasimama mbele kidogo, tukasikia milango, mtoto analia, baba anambembeleza, halafu vyuma vya hema vinagongana gizani. Ni familia imechelewa kufika. Tukawasikiliza wanahangaika na fito zao mpaka wakatulia.

Chupa ya mjomba ilikuwa bado ya moto miguuni.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye meza, tukapika chai ya tangawizi kwenye jiko la gesi, tukainywa bila kusemezana. Tulipoteremka simu ikashika, nikamtumia mjomba picha ya hema. Akajibu kwa sauti, nimeisikiliza mara nyingi: "Mama, umefunga vizuri, ila kamba ya kushoto imelegea. Safari ijayo anza na upande upepo unakotoka."