Nilivyotibu gia ya usukani ya Hilux ya marehemu baba

Hilux aliyoniachia baba ni ya mwaka 1982, zile ambazo mkono wa gia uko ubavuni mwa usukani badala ya sakafuni. Hilux zilianza hivyo tangu ile ya kwanza ya mwaka 1968, na faida yake tunaijua sisi wa shamba: kiti ni kimoja kirefu, watu watatu wanakaa na wa katikati habanwi magoti na gia. Mimi nashusha nayo ndizi kutoka Old Moshi hadi sokoni Kiboriloni.

Karibu mwaka mzima ule mkono ulikuwa umelegea. Mwanzoni ulicheza kidogo tu, nikauzoea. Baadaye ukaanza kuning'inia, unaingiza namba mbili na hujui kama imeingia kweli. Siku moja nateremka na mikungu arobaini ya mchare, nataka kutoka tatu kurudi mbili kabla ya kona, gia ikakataa. Mkono ulikuwa unazunguka tu kama mwiko kwenye chungu cha mtori. Nikaliteremsha gari kwa breki peke yake mpaka zikanuka. Pembeni yangu amekaa mama, ameshika kitenge chake kwa mikono miwili, hasemi kitu. Usiku ule sikupata usingizi.

Fundi wa kwanza alitikisa mkono mara mbili akasema gia boksi imekwisha, ishushwe. Shilingi 450,000, spea juu yangu. Sikukubali, kwa sababu moja: gia ikishaingia, gari lilivuta vizuri, halilii wala halitemi gia. Boksi iliyochoka haiwezi kujificha hivyo. Nikaona ugonjwa uko njiani, kati ya mkono na boksi.

Jumapili baada ya ibada nikaweka mawe kwenye magurudumu, injini imezimwa. Mpwa wangu akakaa kwenye kiti, nikamwambia apeleke mkono juu na chini polepole, asiingize gia. Mimi nikalala chini na tochi. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na usiharakishe. Weka kidole juu ya kila kiungo, nusu huku nusu kule. Kiungo kizima, vipande viwili vinaondoka pamoja. Kilicholiwa, unasikia kimoja kimeanza, kingine kimechelewa, halafu "tak", kinafuata.

Juu kabisa, pini inayoshika mkono wa gia ilikuwa imepanua tundu lake kidogo. Chini ya usukani, pale mhimili wa gia unapotokea upande wa injini, bushi ya nailoni, kile kipete kinachokaa kati ya pini na tundu lake, ilikuwa imepasuka, nusu yake haipo. Kutoka hapo zinashuka fito mbili kwenda kwenye boksi, moja ya kuchagua njia na nyingine ya kuingiza gia, na ncha za juu za zote mbili zilikuwa zimefungwa mpira wa tyubu na waya. Sijui ni nani aliyezifunga. Mpira unakubali kubonyea, ndiyo maana mkono ulikuwa unarudi kama springi.

Nikapima kwa rula. Kwenye ncha ya fito nafasi ilikuwa milimita 3 tu. Lakini kikono cha chini kinachovuta ile fito kina urefu wa sentimita 6, na mkono ninaoushika una 30, kwa hiyo kila milimita ya chini inakuwa tano huku juu. Milimita 3 zikawa sentimita moja na nusu kiganjani, kwa kiungo kimoja. Ongeza viungo vingine, ndiyo unapata mkono unaoning'inia.

Bushi za dukani sikuzipata Moshi mjini. Nikafungua viungo vya chini, nikabeba pini zake kwa mzee mmoja mchongaji wa vyuma kule Majengo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu lete." Akaigeuza pini kwenye mwanga wa mlangoni. "Imeliwa upande mmoja, unaona? Nikikuchongea bushi ya pini iliyokonda, utarudi hapa mwezi ujao."

Kweli, ukiipitisha kwenye kucha unasikia bonde. Akazijaza kwa kuchomelea, akazirudisha kwenye mviringo wake kwa mashine, ndipo akachonga bushi tatu kwenye fimbo ya nailoni nyeupe. Kipimo chake: bushi iingie kwa kidole gumba, isiingie kwa nyundo, na pini izunguke ndani yake bila kutikisika. Kwa yote nikamlipa shilingi 35,000.

Kurudisha si kazi kubwa, ila kuna jambo moja usiliruke. Kabla ya kuunga fito, hakikisha boksi iko huru, yaani hakuna gia iliyoingia, na mkono wa juu nao uko huru. Halafu rekebisha urefu wa fito kwa nati zake mbili mpaka pini iingie tunduni yenyewe, bila kuvutwa. Mara ya kwanza niliilazimisha kidogo, na namba moja ikawa haiingii mpaka mwisho. Nikafungua, nikalegeza nati nusu mzunguko, ikakaa. Weka pini mpya za kufungia, siyo waya. Na grisi iwe kidogo sana: vumbi letu jekundu likikutana na grisi nyingi linageuka msasa, na nadhani hivyo ndivyo bushi za mwanzo zilivyokufa.

Nikapitisha gia zote injini ikiwa imezimwa, kisha nikapanda nayo mlima mtupu, kisha na mzigo. Namba mbili inaingia kwa vidole viwili. Juzi mama alipanda tena, na tulipofika kwenye ile kona alikuwa anamsimulia jirani habari za harusi.

Nimebakiza pini ya juu, ile ya mkononi. Bado inacheza kama sentimita moja. Mzee amesema nimpelekee mkono mzima, alitanue tundu na aliwekee bushi ya shaba; nasubiri wiki isiyo na soko.