Vyuma vizito, kuruka palepale
Miezi mitatu nabeba vyuma nikiamini nitaruka juu zaidi. Wapi! Mapaja yamenenepa, kuruka kuko palepale. Kumbe msuli wa paja huhitaji kama milisekunde 300 au zaidi kufikia nguvu yake yote, na mkimbiaji wa mbio fupi akiwa kwenye kasi kubwa, mguu wake hugusa chini kwa takribani milisekunde 100 tu. Muda unaisha kabla nguvu haijafika!

Sasa nachuchumaa upesi, naruka hapohapo. Msuli ukivutwa ghafla kabla ya kujikaza hutoa nguvu zaidi. Nikitulia chini sekunde mbili, faida kubwa inapotea (nimejaribu, aibu tupu). Leo mapaja yanauma, ngazi nashuka kinyumenyume.