Gazeti la Babu

Mwanangu alipokuwa na miaka tisa, Juzuu Amma alikuwa akiisoma bila kuangalia, lakini ukimpa kitabu cha hadithi cha Kiswahili, tumbo linamuuma. Kwenye chuo cha Kurani alikuwa hodari. Skuli ndiko kulikomharibu, tangu siku alipoitwa mbele asome, akakwama, darasa zima likamcheka na mwalimu naye akacheka.

Hila zangu zote zilikwisha. Nilimpeleka maktaba ya taifa pale barabara ya Msanifu Kombo, nikamhonga kwa mabuyu na achari, nikamzimia runinga. Atakaa na kitabu mkononi, ukurasa ni uleule, mpaka adhana ya magharibi. Mabuyu, hayo alimaliza.

Mwaka 2019 babangu alitolewa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji, na la pili halikuwa na nguvu za kusoma. Mzee ujana wake wote aliumalizia gatini Kilindini, bandari ya Mombasa, na timu ya mpira ya Bandari ukiisema vibaya mbele yake, hunywi kahawa yake tena. Basi Bandari wakaifunga Kariobangi Sharks 3-1 kwenye fainali ya kombe la shirikisho la soka la Kenya, na yeye gazeti analo mapajani hawezi kulisoma. Alasiri, barazani kwetu Kibokoni, akamwita mjukuu.

"Hebu njoo unisomee Taifa Leo. Babuyo leo kipofu."

Mtoto akanitazama nimnusuru. Mimi nikajitia nashughulika na bajia zangu.

Akaanza kwa kidole, na kidole chenyewe kimejaa mafuta ya bajia, kila neno likabaki na doa chini yake. "Wa-na-ban-da-ri..." Akikwama, babu hamtajii neno. Hupiga funda la kahawa, akangoja. Mimi subira hiyo sina. Ningekuwa nimeshalitaja neno mara tatu na sauti imeshapanda.

Kufika kwenye "mshambulizi", mtoto akaliruka, akaanza kutunga yake. Eti goli la pili lilifungwa kwa kichwa kutoka katikati ya uwanja! Mzee akacheka hata akaishika bandeji yake.

"Kichwa gani hicho, cha ng'ombe? Rudi nyuma, nisomee yaliyoandikwa."

Mtoto hakujua kwamba babu mpira wote alikuwa ameshausikiliza redioni, dakika kwa dakika.

Wazee wenziwe wakaanza kukusanyika, kahawa ikamiminwa, na mazungumzo yakawa ya zamani. Babu akasema kwa kujigamba kwamba kombe hili Bandari hawajalishika tangu yeye yuko kazini. Mtoto alikuwa kimya, kidole kinarudi juu mstari baada ya mstari.

"Babu, hapa wameandika 2015."

"Hakuna kitu kama hicho."

"Imeandikwa!"

Jirani mmoja akavaa miwani, akalichukua gazeti, akalisogeza mbali, akalileta karibu. "Yakhe, mtoto asema kweli. 2015."

Baraza zima likamgeukia babu. Naye akanyoosha mikono juu: nimeshindwa. Mwanangu akalipokonya gazeti kwa yule jirani na kuisoma sentensi ile tena, hakuna aliyemwomba, na kwa sauti iliyomtoa mwenye duka la mkabala nje aje kuuliza kuna nini. Neno "mshambulizi" lilipotokea tena chini huko, alilipita kama halikuwahi kumsumbua.

Akataka kujua sasa Bandari watacheza na nani Afrika. Babu akamwambia hilo aliulize gazeti la kesho.

Kesho yake alinidai pesa za gazeti kabla ya pesa za mahamri. Akarudi nalo analisoma njiani, nusura agongwe na mkokoteni wa maji. Habari za Bandari siku hiyo hazikuwamo. Akazipekua kurasa za michezo mbele na nyuma, amenuna, kisha shingo upande akaanza kumsomea babu habari za Gor Mahia, timu ya Nairobi.

"Hao usinisomee," babu akasema. "Soma hata ya wabunge."

Akasoma ya wabunge.