Hangari ya mbao ya reli ndogo: namna nilivyoizeesha kwa udongo wa Lubumbashi

Reli ilifika Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Élisabethville, mwaka 1910 ikitokea kusini kupitia Sakania, na upana kati ya vyuma vyake viwili ni milimita 1067. Namba hiyo ndiyo iliyoniamulia mengine yote nilipojenga reli yangu ya mfano. Reli za mfano zinazopatikana kwa urahisi zina upana wa milimita 16.5, zikikusudiwa treni za Ulaya na Marekani zilizopunguzwa mara 87. Lakini ukizitumia kwa treni iliyopunguzwa mara 64 ni sawa na upana halisi wa milimita 1056, karibu kabisa na reli yetu. Basi nikajenga kwa 1 kwa 64: mtu mzima anakuwa na milimita 27 hivi, na ubao wa sentimita 15 unakuwa na milimita 2.3.

Nilitaka hangari ya mizigo: kuta za mbao, paa la bati, sakafu iliyoinuliwa ilingane na ya behewa. Kuta nilizitoa kwenye vijiti vya aiskrimu, kila kimoja nikikipasua mara nne kwa wembe na rula ya chuma. Nguzo zilitoka kwa seremala mmoja wa Katuba. Salamu yake kwangu siku hizi ni moja tu: “Papa, umekuja tena kuchukua takataka zangu?”

Rangi kwanza, gundi baadaye. Hapo sibishani na mtu. Gundi nyeupe ikishagusa ubao inaziba njia, rangi hainywewi tena, na doa linabaki jeupe milele. Nilikwaruza kila kijiti kwa brashi ya waya kufuata nyuzi za mbao, nikakipaka chai kavu iliyochemshwa hadi ikawa nzito, nikaacha ikauke. Juu yake nikapaka siki iliyolowekwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Nyuzi hizo zioshwe kwa sabuni kwanza, zina mafuta. Na chupa isikazwe kifuniko, maana gesi inatoka humo. Chai ina tanini, siki imeyeyusha chuma, na vikikutana ubao unaanza kuwa wa kijivu ukiuangalia hivi hivi. Paka pande zote mbili, la sivyo kijiti kinapinda. Mimi navikausha chini ya tofali.

Kwenye nyufa na ncha za mbao niliongeza matone ya wino mweusi ndani ya spiriti ya duka la dawa. (Lutuku, pombe kali ya kienyeji, sikuijaribu. Ina wateja wake.)

Jirani yangu, mzee aliyefanya kazi ya reli, alinikuta napima milango. “Mwana, mulango ya hangari haifunguke kwa inje,” akasema, “iko inateleza. Ukiisukuma inje, itapiga wagoni.” Nikaitika, “Ndiyo, papa,” nikaweka chuma chembamba juu ili milango ining’inie. Milango yenyewe niliisugua mshumaa hapa na pale, nikapaka rangi ya kijani, halafu nikabandika skochi (utepe wa kunata) na kuibandua kwa ghafla. Palipokuwa na nta, rangi iling’oka, kijivu kikachungulia chini yake.

Bati lilinifurahisha kuliko vyote. Mawimbi ya bati la kawaida yameachana milimita 76 hivi, yaani 1.2 kwa kipimo changu, na uzi wa bolti ya milimita 8 una hatua, yaani umbali wa mstari hadi mstari, ya 1.25. Nililaza karatasi ya aluminiamu juu ya kipande cha mpira wa tairi, nikavingirisha fimbo yenye uzi huo juu yake nikikandamiza. Mistari inatoka imeinama kidogo, kwa hiyo kata ukifuata mistari, usifuate ukingo wa karatasi.

Sasa udongo. Maelekezo mengi ya kuzeesha yanatoka nchi za baridi, na yanakufundisha kijivu na kuvu. Kwetu uzee wa jengo unapanda kutoka chini, na ni mwekundu. Angalia ukuta wowote usio na mfereji wa paa: mvua inadondoka kutoka kwenye bati, inapiga ardhi, tope linarukia ukuta. Mstari unafika kama nusu mita, milimita 8 kwangu, na ni mzito upande yanakomwagikia maji ya paa. Kuta mbili za mwisho, zenye pembe tatu chini ya paa, hupata kidogo tu. Nilichota udongo uani, nikausaga, nikauchekecha kwa soksi ya nailoni, nikaupaka kwa brashi kavu kutoka chini kwenda juu. Kisha nikapuliza spiriti ili ushike. Ukilowa unaonekana umetoweka. Subiri ukauke ndipo uongeze. Juu ya bati nilitupia vumbi jepesi la kiangazi, la kuonekana kwenye mabonde ya mawimbi tu.

Kinachofuata ni mnara wa tangi la maji. Mbao za juu zinalowa mwaka mzima, kwa hiyo huko wino utazidi siki, na kijani cha kuvu nilichokikataa kwenye hangari kitapata kazi chini ya bomba linalovuja.